Siku Walipoacha Kutusoma kwa Sauti

Nimehama miji mingi tangu niondoke Kakamega, na kila nikipita karibu na shule siku ya kufunga, husimama kidogo nje ya ua. Sina mtoto humo. Nasimama tu, kama alivyosimama mama yangu.

Yeye na baba waliachana nikiwa darasa la pili. Mama alirudi kwao Matungu. Mimi nikabaki, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa boma la baba. Mara moja alikwenda ofisini kuuliza maendeleo yangu. Nilikuwa nikifagia veranda, nikasikia mwalimu mkuu akimjibu kwa upole, "Mama, ripoti tunapeanga aliyemwandikisha mtoto. Wewe hatukujui hapa."

Lakini matokeo yalisomwa uwanjani, wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya wazazi wote, na aliye barabarani hazuiwi kusikia. Basi kila muhula mama alikuja na leso yake ya manjano, akasimama nyuma ya ua wa michongoma. Jina langu likisomwa, alipiga makofi peke yake, kisha akashika njia. Baba aliyasikia makofi hayo. Alitazama viatu vyake, na njiani hatukuyataja.

Miaka hiyo miwa ililipa. Wazazi walikuja shuleni wamevaa suti, na nyuma yao trekta zilivuta matrela ya miwa kwenda kiwandani tangu asubuhi hadi jioni.

Nikiwa darasa la sita, mama wa kijana aliyezoea kushika mkia alisimama kabla majina hayajaanza kusomwa.

"Mwalimu, mtoto wangu si ng'ombe wa soko la Lubao wa kunadiwa mbele ya watu! Matokeo yake niambie mimi, pembeni."

"Kwani bei imeshuka?" mzee mmoja akamtania. Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakuketi. Mwingine akamuunga mkono, na mwingine, hata mwalimu mkuu akakubali: kila mzazi ataingia darasani peke yake apewe ripoti, mlango ukiwa umefungwa.

Yule mama alikuwa na haki. Nilijua hata siku ile, nikiwa nimekodolea macho leso ya manjano kule michongomani, ikingoja.

Baba alitoka na ripoti yangu mfukoni. "Nambari tatu," akaninong'oneza. "Umenifurahisha, mwanangu."

"Na yeye?"

Akanishika mkono tuondoke. Watu walikwisha kuanza kuondoka. Leso haikutikisika, hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba leo hakusomwi.

Nikauchomoa mkono wangu, nikapanda jiwe la chini ya mlingoti wa bendera, pale mwalimu mkuu alipozoea kusimama. Nikaita jina langu lote, na la ukoo. Nikaita, "Nambari tatu!"

Wavulana wa darasa la saba wakaangua kicheko. "Mwalimu mkuu mpya huyo! Tusomee na zetu basi!"

Wakati huohuo trekta ilikuwa ikipita, matrela yakigongana. Nilingoja makofi. Hayakuja.

Nilishuka machozi yakinitoka. Baba alikuwa amenifikia, nami nikajua sikio langu litavutwa. Lakini alikuwa ametazama barabarani. Alingoja mpaka trela la mwisho likapita.

"Sema tena," akasema. "Hajasikia."