Mvua Juu ya Matofali Yetu

Jana mvua ilinyesha juu ya matofali mabichi ya jirani yangu hapa Korogwe, na harufu ya udongo ule ikanirudisha utotoni, kijijini Mazingara.

Mahindi yalikuwa yamenyauka, na Jumapili moja kanisa zima lilipiga magoti kuomba mvua. Mimi niliomba kimoyomoyo inyeshe kote isipokuwa uwanjani kwetu, kwani matofali ya nyumba yetu mpya yalikuwa hayajachomwa. Kabla mchungaji hajatoa baraka, bati la kanisa likaanza kunguruma kwa mvua. Tulikimbia nyumbani, tukakuta matofali yanageuka tope.

"Baba, nilimwambia Mungu aparuke hapa kwetu!" nililia.

Baba alicheka hadi akashika kiuno. "Wee! Ulitaka awe Mungu au kibarua wetu?"

"Kwani wewe uliomba mvua?"

"Kuwashinda wote."

"Na matofali je?"

"Anayaona. Udongo ni wake, mwanangu, na mahindi ni yake. Sisi tutafyatua tena."

Kwa hasara ndogo kuliko ile nimemnung'unikia Mungu miaka mingi. Lakini siku ile baba alivua viatu vyake vya kanisani, akakunja suruali, akaanza kukanyaga tope akiimba pambio, nami nikaingia topeni nikimwitikia.