Manjano Penye Matete

Kwa jina lake lote aliitwa Bi Rangi, binti wa Mvuta Mnyororo, mjukuu wa Mchimba Visima. Ukoo huo haukuachiana ng'ombe wala mashamba, uliachiana kazi. Babu alichimba visima kumi na saba, na hakuna hata kimoja kilichokauka akiwa hai. Baba alivuta mnyororo wa wapima ardhi miaka ishirini na sita, juani na miibani, na mpaka anazikwa nyayo zake zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Yeye, aliyeishia darasa la saba, aliingia ofisi ya ramani akiwa mfagiaji, akatoka akiwa mpakaji rangi mkuu. Katika miaka thelathini na miwili hakudondosha tone moja la wino mahali pasipotakiwa.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo halikuwa tone.

Chumba cha rangi kilikuwa ghorofa ya pili, na mapazia yake hayakufunguliwa, maana jua hupausha ramani. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zililetwa kwenye makasha, nyeusi na nyeupe. Unaziweka mbili mbili chini ya miwani ya mezani, unakaza macho, na ghafla ardhi inasimama: miti inainuka, mabonde yanazama. Hapo ndipo unapaka. Msitu kijani, nyumba nyekundu, nyasi kavu manjano, kinamasi buluu yenye mistari. Ramani ikiisha, aliyeipaka anaandika jina lake pembeni kwa herufi ndogo. Bi Rangi aliyapenda maandishi yale kuliko mshahara. Mtoto wa mvuta mnyororo, jina lake liko kwenye karatasi ya serikali!

Siku moja likaja bonde lililo chini ya mji. Alilijua. Babu yake alimkataza kulikanyaga tangu akiwa mdogo. "Pale maji hayapiti," alimwambia, "pale yanalala." Lakini kwenye picha palikuwa peupe, pakavu, kama kichwa kilichonyolewa.

Akainua mkono. "Mkuu, hapa pana matete. Ni kinamasi."

Mkuu wa Chumba, mtu wa tai na miwani, hakugeuka. "Umeyaona wapi hayo matete?"

"Nimekulia jirani nayo."

"Bi mdogo, hapa tunapaka kinachoonekana. Ukianza kupaka unavyokumbuka, kesho utanipakia na mizimu ya babu yako."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Naye akacheka. Hicho kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomkaa kooni maisha yake yote.

Ukweli ulikuwa mwepesi, na kila mtu wa chumba kile aliujua asiutaje. Ndege hairuki kupiga picha masika, kwa sababu ya mawingu. Hupiga kiangazi. Na kiangazi cha mwaka ule matete yalikuwa yamechomwa moto, pakabaki majivu meupe. Palikuwa na picha tatu tu za siku nyingine, zilizopigwa asubuhi moja baada ya mvua. Pembe zake zilikuwa na mawingu, zikagongwa muhuri wa kukataliwa, Bi Rangi akatumwa kuzichoma. Hakuzichoma. Kwenye pembe ya moja palikuwa na nukta ndogo, na nukta ile ilikuwa nyumba ya wazazi wake. Akazificha chini ya kanga, akaenda nazo nyumbani. Halafu akarudi mezani, akalipaka bonde manjano, akaandika jina lake.

Kwa ramani ile vikagawiwa viwanja. Kimoja kilinunuliwa na mwanawe wa pekee, mjenzi, anayeitwa Fundi hata na mkewe. Bi Rangi alimwambia, "Pale pana maji, mwanangu." Fundi akacheka: "Mama, ramani yako mwenyewe inasema pakavu!" Bi Rangi akanyamaza. Fundi akajenga yake, akawajengea na majirani, nusu ya mtaa mzima ikatoka mikononi mwake. Masika mengine maji yalifika vifundoni, mengine magotini, watu wakazoea. Masika ya mwaka jana yalifika dirishani. Mjukuu, Kadogo, miaka sita, walimkuta chumbani kwake amekufa, mlango umefungwa na uzito wa maji.

Ofisi iliandika kwamba mfereji ulizibwa na taka. Fundi akafukua mfereji kwa mikono yake, peke yake, siku nne. Kisha akapaka kuta chokaa, akarudi kukaa.

Wiki tatu kabla ya masika ya mwaka huu, mtaalamu wa setilaiti alipiga hodi kwa Bi Rangi, kompyuta kwapani, mkoba begani. Juu ya bati Fundi alikuwa anagonga misumari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetupiga picha kutoka mbinguni?"

"Si mimi bibi, ni setilaiti."

"Basi iulize paa langu linavujia wapi, mwanangu yuko juu tangu asubuhi anapatafuta."

Mtaalamu akacheka, akafungua kompyuta juu ya meza ya kulia. Akamwonyesha mji. Mwaka wa kwanza mji ulikuwa doa jekundu dogo. Akabonyeza, doa likavimba. Akabonyeza tena, likatambaa kufuata barabara, likapanda vilima, likala msitu, likashuka bondeni. Bi Rangi aliona kama ukurutu unavyokula shingo ya mtoto.

"Setilaiti zilianza juzi tu," Mtaalamu akasema. "Ya nyuma yake tunayapata kwenye ramani yenu ya rangi. Nimekuja unisomee alama zake, maana wenzako wote wameshatangulia. Ile ramani ndiyo tunayoifundishia mashine kusoma picha hizi."

"Mashine inasoma kwetu?"

"Inawaamini kabisa. Mlipopaka manjano inajifunza kwamba nchi kavu ina sura hii, na popote inapoona sura hiyo inapaita pakavu." Akaonyesha upande wa juu wa bonde, ambao bado ulikuwa wazi. "Kama hapa. Viwanja mia nne, vinagawiwa mwezi ujao."

Bi Rangi akavuta kiti karibu. "Na hizo picha zenu mnazipiga lini?"

"Mwaka mzima. Ila za masika zina mawingu, tunazitupa. Tunatumia za kiangazi."

"Za kiangazi," akasema Bi Rangi.

Juu, nyundo iligonga mara tatu. Alijua akifungua kinywa mwanawe atasikia, bati lile halikuwa na dari. Angeweza kumwambia mgeni arudi kesho. Angeweza kumsomea alama zake, naye mgeni akanywa chai yake, akaenda. Viwanja mia nne. Kila kiwanja kina mlango, na kila mlango una chumba cha mtoto nyuma yake.

Akainuka, akaenda kwenye sanduku, akarudi na bahasha. Hakuwa na miwani ya mezani, akaziweka tu zile picha tatu mbele ya Mtaalamu. Bonde lilikuwa jeusi tii, likimetameta katikati, na jeusi kwenye picha za ndege ni maji.

"Hiki ni kinamasi," akasema, na hakupunguza sauti. "Kilikuwa kinamasi tangu babu yangu. Aliyekipaka manjano ni mimi, na nilijua."

Nyundo ikanyamaza.

Mtaalamu alitazama picha, akatazama kompyuta, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Ngazi ikalia. Fundi akaingia na misumari bado mdomoni. Akaitema mmoja mmoja kiganjani.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Siku nachimba msingi ulikuja na uji. Ukakaa juu ya matofali yangu, ukanitazama nachimba."

"Nilikwambia pana maji."

"Mara moja!" Sauti ikampasuka. "Wewe ukipoteza kijiko unakisema wiki nzima. Hili ulilisema mara moja?"

Hakuwa na pa kujificha. "Jina langu lilikuwa pembeni," akasema. "Niliona aibu ya jina kuliko hofu ya maji. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu, sina nyingine ya kukupa."

Fundi aliiweka misumari mezani. Akakaa chini kizingitini, mgongo kwao. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Bi Rangi akamuuliza Mtaalamu, "Ukilirekebisha kosa hili, watu wataambiwa lini?"

"Lazima lipite kwa wakubwa. Miezi mitatu, bibi. Minne."

"Mvua ni wiki tatu."

Mtaalamu akafungua mkoba wake. Ndani kulikuwa na picha ya bonde ya juzi, iliyochapwa kubwa, kila bati likionekana. Bi Rangi akaitandaza. Akaitazama picha nyeusi ya zamani, akaitazama hii, akaomba kalamu ya buluu. Mkono uliokuwa unamwaga chai siku hizi haukutikisika hata kidogo. Mstari ulizunguka bonde, ukapita nyuma ya shule, ukakata mtaa katikati. Nyumba ya Fundi ilibaki ndani, mbali na ukingo.

Akaikunja karatasi, akaenda nayo mpaka kizingitini.

"Wakienda watu wa ofisi watapigwa mawe," akasema. "Wewe ndiye uliyewajengea, wewe watakusikia. Chukua ndoo ya rangi. Kila mlango ulio ndani ya mstari huu, weka alama, uwaambie watoke kabla ya mvua. Anza na wako."

Fundi aliitazama karatasi bila kuipokea. "Na wakiniuliza nani kasema?"

"Waambie ni mimi. Na jina ulitaje lote, kama lilivyoandikwa pale pembeni."

Akaendelea kuunyoosha mkono mbele, mpaka Fundi alipoichukua karatasi.