Treni Aliyoisimamisha Babu

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haya kulisema. Nimesimamia mitihani ya sekondari kwa miaka mingi. Mtoto akitazama dari najua ametoka kutazama nini. Mume wangu husema hata chumvi naionja mara mbili kabla ya kukubali kuwa ni chumvi. Namjibu kwamba wasiwasi ndio akili. Ukweli ni kwamba nimeurithi kwa Bibi, mama yake baba, ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini alimshuku mumewe kila mvua za kwanza ziliponyesha.

Babu alikuwa mtu asiyetulia. Alifanya kazi ya reli tangu ujana, akastaafu akiwa mnyapara wa genge la vibarua wa reli, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Hapa Kikuyu, mtaa wetu wa huku Ugogoni, alifuga mbuzi, akapanda mizabibu nyuma ya nyumba, akaimba besi kwenye kwaya. Alipopita miaka themanini bado alikuwa akipanda baiskeli, mpaka wajukuu tukamfichia pampu ili apumzike. Alinunua nyingine siku hiyohiyo. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi, na baba alilijua hilo.

Lakini kila mwaka, mvua ikishanyesha mara mbili tatu, Babu alichukua mfuko wake akaenda Gulwe, stesheni ya reli alikoanzia kazi. Alikaa siku kumi, pengine kumi na mbili. "Naenda kusalimia watu," ndivyo alivyosema. Bibi hakuuliza watu gani. Alibaki akipepeta uwele kwa nguvu ambazo uwele haukuzihitaji. Siku moja, nikiwa msichana, aliniambia, "Mwanaume hasalimii watu siku kumi. Gulwe kuna mwanamke." Nikaamini. Lisemwalo lipo.

Jambo lingine la Gulwe tulilijua wote, na hilo tulijivunia. Babu alipokuwa kibarua kule, mto ulifurika ukala tuta la reli, na treni ya abiria ilikuwa njiani. Akakimbia na kitambaa chekundu akaisimamisha. Kwa ushujaa ule akapewa ajira ya kudumu, na ajira ile ndiyo iliyosomesha watoto saba na kujenga nyumba ya Kikuyu. Mwenyewe aliisimulia mara chache, tukimbana sana, na akimaliza tu aliinuka kwenda kuwatazama mbuzi.

Alifariki mwaka jana, saa nane mchana, akiwa amekaa kizingitini anavua viatu vya shamba. Baba mkubwa akanikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma siku ya mazishi. "Wewe ndiye mwalimu," aliniambia. "Treni usiisahau." Nikaiandika aya nzima, nzuri kweli.

Siku ya mazishi nilimshuku kila mtu. Nilishuku akina mama wa jikoni kwamba wanaficha nyama. Nilimshuku binamu yangu mmoja aliyelia kwa sauti kubwa huku macho yanapima kiwanja. Watani tu ndio walionipa raha. Wahehe ni watani wetu sisi Wagogo, na jirani yetu mmoja Mhehe, mama mnene mwenye roho nzuri, alijilaza mlangoni akisema jeneza halipiti mpaka apewe kuku. Watu wakacheka, kama inavyopasa. Msiba usio na watani hauchukuliki.

Ndipo akaingia mzee mmoja mwembamba, amevaa sweta kwenye jua lile. Tulikuwa hatumjui. Alimwamkia Bibi kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akasogea hadi kwenye jeneza akapaza sauti.

"Mnamlilia mwongo! Huyu hakusimamisha treni yoyote! Aliyekimbia ni mwingine!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba mkubwa alipiga makofi. "Mtani huyo, mpeni soda!" Akapewa soda. Mzee akaishika bila kuifungua, akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la mwisho.

Mimi sikucheka. Mtani akishapata kicheko huongeza, na huyu hakuongeza. Halafu ile Mbukwenyi yake ilikuwa ya mtu aliyezaliwa nayo, si ya kujifunzia mtaani. Nikawaza: huyu tapeli, ana lake. Nikachukua sahani ya wali kama kisingizio, nikamfuata.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni mtani wetu wa wapi?"

"Marahaba. Mimi si mtani, mjukuu wangu. Ni Mgogo kama nyie. Natoka Gulwe."

Nikajua ni ndugu wa yule mwanamke, amekuja kudai urithi juu ya jeneza. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Umetumwa na mke wake wa kule?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mke gani? Amenituma yeye mwenyewe, babu yako. Alisema, nikitangulia, njoo uwaambie wakiwa wote pamoja."

Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kuchagua. Vibarua walikuwa wawili, Babu na mdogo wa huyu mzee. Tuta lilipobomoka, treni ilikuwa inatokea upande wa pili wa maji. Babu aliogopa kuvuka. Yule mwingine akavuka, akakimbia, akaisimamisha treni, na aliporudi kumwambia mwenzake maji yakamchukua. Wakubwa wa reli walipofika walimkuta Babu peke yake kando ya tuta. Wakamuuliza, ni wewe? Akanyamaza. Wakamshika mkono, wakampongeza.

"Baadaye alikuja kwa mama yetu akalia, akasema ataenda kuwaambia. Mama akamkataza. Alisema, ukisema utafukuzwa kazi na mwanangu hatarudi. Kaa na kazi yako, ila shamba langu utalilima wewe, maana aliyekuwa akilima ndiye huyo amekufa. Akalima. Mama alipofariki, akaendelea kulima."

"Nitajuaje kwamba hunidanganyi?" Sauti yangu ilikuwa kali, na nia yangu ilikuwa iwe kali.

"Hutajua. Sina karatasi," alisema. "Lakini niambie, akimaliza kuisimulia ile treni, alikuwa anabaki kusikiliza mkimsifu?"

Nikawakumbuka mbuzi. Nilikasirika, nikatamani mzee yule asingekuja, kisha nikamwonea huruma, amesafiri kutoka Gulwe kuja kusema neno zito la maisha yake, nasi tumempa soda.

Mchungaji aliponiita, nilisimama na ile karatasi. Nikiisoma ilivyo, namzika kijana wa watu mara ya pili. Nikiibadilisha, namvua Babu nguo mbele ya wanawe, na ombi alilolitoa mwenyewe nimelisikia kwa mgeni tu. Mimi, mtu wa kuonja chumvi mara mbili, nilitakiwa niamini mara moja.

Niliamini. Nilipofika kwenye aya ya treni niliikunja karatasi nikasema kwa kichwa: kwamba aliyekimbia ni kibarua mwenzake, kwamba Babu aliogopa, kwamba alinyamaza, na kwamba tangu hapo kila mwaka, mvua za kwanza, alikwenda Gulwe kulima shamba la mama wa yule kijana. Nikamwonyesha mzee wa sweta kwa mkono. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alinitazama kama mtu niliyemwibia, na mpaka leo hatusemezani vizuri.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, siku ya tatu hajatoa chozi. Akanivuta pindo la khanga.

"Kwa hiyo kule alikuwa analima?"

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Akaligeukia jeneza.

"Si ungesema tu," alimwambia marehemu. "Ningekuja kukusaidia kupalilia."