Kampuni ya South Dakota

Hakuna tapeli Minnesota nzima ambaye pua yangu haijamnusa. Juzi, ndani ya basi la kutoka Richfield kwenda Saint Paul, jamaa wa suti alikuwa anamshawishi dada mmoja mpiga picha za harusi ampe akiba yake.

"Sista, mimi ni mtu wa nyumbani. Nikufungulie kampuni South Dakota, jimbo la jirani, kule hakuna kodi ya mapato."

"Lakini naishi hapa, na harusi zote napiga hapa. Minnesota si itanidai kodi tu?"

"Wachana na hiyo!"

"Na kampuni yako wewe uliifungulia wapi?"

Jamaa akavuta kamba ya kengele mbio mbio, ya kumwambia dereva asimame ashuke. Tulikuwa juu ya daraja la Mississippi! Dada akafunga mkoba wake. Mtu anayetaka kushukia juu ya maji, mimi simpi hata kofia yangu anishikie.