Ukigongwa, Achia

Darasani walimwita Mama Kufuli, na hawakumsingizia. Fundi magodoro yule alikuwa mtulivu kama maji mtungini, lakini akishakukumbatia kwenye mazoezi ya jujitsu, imekula kwako. Mchezo ule una sheria moja isiyo na mjadala: mwenzako akikugonga kwa kiganja, amekubali yaishe, mwachie hapohapo. Yeye akigongwa ndiyo kwanza anakaza. Hakukusudia, masikini! Mwili ulimganda, macho kayatoa, mpaka mwalimu aje kumbandua.

Sababu waliijua wote. Mwaka uliopita marobota ya pamba yaliporomoka karakanani yakamfunika yeye na mumewe, mume chini, yeye juu. Mume akawa anamgonga mgongoni kwa kiganja, ainuke kidogo naye apate pumzi. Angeinukaje na mzigo wote ule juu yake? Mkono uligonga, ukagonga, ukalegea, ukanyamaza. Yeye alitolewa mzima.

Siku alipomkaba mwanafunzi mwenzake, muuguzi mmoja, mpaka akazimia, mwalimu alimwita pembeni.

“Mama, sikufukuzi. Lakini kafanyie mazoezi nyumbani, polepole, kwa mwendo wako. Ukiweza kuachia, rudi. Usipoweza, ipo siku tutazika mtu.”

Basi akashona mdoli wa turubai, urefu wa mtu mzima, akamshindilia pamba ya marobota yaleyale, maana fundi hatupi mali. Kisha akamvika ovaroli la marehemu. Hapo sasa, mimi nisingethubutu.

“Makubwa!” alisema mdogo wake, aliyekuwa akikata vitambaa chumba cha mbele. “Na huyo atakugonga vipi, dada?”

“Nitagonga mwenyewe.”

“Mkabaji wewe, mkabwa wewe. Haya.”

Kila baada ya chakula cha mchana alimlaza mdoli sakafuni chumba cha nyuma, akamlalia, akafunga mikono shingoni pake. Kisha alifungua kiganja kimoja, akagonga sakafu, akajaribu kuachia. Akigonga mwenyewe aliachia vizuri tu, kwa sababu mtu hawezi kujishtua. Alijua hilo si kuweza, na lilimuuma.

Siku zilivyokwenda, mdoli akawa mzito. Ovaroli nalo lilikuwa na joto hata asubuhi. Mdogo mtu akaacha kuingia mle.

“Dada, kuna mtu anahema humo.”

“Ni pamba inatanuka,” alijibu, kama alivyozoea kuwajibu wateja.

Mchana mmoja, mikono imeshafunga na hajagonga bado, kitu kilimgusa mgongoni, chini ya bega la kushoto. Kiganja. Kikatulia, kikagonga tena. Alidhani ni mdogo wake, lakini mkasi wa mdogo wake ulikuwa unasikika kule mbele, kwacha, kwacha.

Nywele zikamsimama. Na alikaza, jamani! Alikaza kwa nguvu zake zote. Mkono ukagonga mara nyingine, safari hii kwa unyonge, mkono wa mtu anayeishiwa. Unyonge ule aliujua. Alikuwa ameulalia mwaka mzima.

“Naachia!” alipiga kelele. “Subiri, mume wangu, naachia!”

Akakunja goti, akasukuma kiuno kama alivyofundishwa. Mkono mmoja ukafunguka, kisha wa pili. Akainuka. Chini yake pamba ikashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Mdogo wake alimkuta amekaa sakafuni, analia na kucheka. Akainama kumsaidia kumwondoa mdoli, akajikaza kwa uzito alioutarajia, nusura aanguke kinyumenyume. Mdoli alikuwa mwepesi kama mto wa kulalia.

“Dada, umemtoa pamba?” Akamgeuza huku na huku, akikagua mishono. Hakuna uzi uliokatwa.

“Sijatoa kitu,” alisema fundi, akaanza kufungua vifungo vya ovaroli. “Kamwambie mwalimu kesho narudi.”