Kasoro Walizoachiwa Wageni

Mimi sioni tangu utotoni, lakini mdomo ninao, waulizeni wanafunzi wangu. Ninafundisha kwa kompyuta inayonisomea kwa sauti, na programu inayoisomesha kaitengeneza shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kwenye chumba chao cha nyuma. Aliitoa bure, tena huria: yeyote anaweza kuifungua, akaona ilivyoundwa ndani, akairekebisha.

Ila warekebishaji hawakupatikana. Shemeji alizunguka vyuoni, akabandika matangazo, akaongea redioni mpaka koo likamkauka. Watu walipiga makofi, wakaitumia, basi. Siku moja akaniambia, "Dada, nimechoka. Peke yangu siwezi. Naiacha."

 Programu isiyotunzwa hufa, na ikifa hiyo, na kazi yangu imekwenda.

Nikamwambia anisomee watu wanavyomwandikia. Kumbe walikuja! Binti mmoja aliandika: sauti inakosea kusoma saa, naomba nijaribu kurekebisha. Shemeji akamjibu papo hapo: usijali, nimeshamaliza. Aliyefuata, vivyo hivyo. Wote walishukuru, wakaenda zao.

"Wewe mtu una wazimu!" nikamfokea. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelikalia!"

"Lakini ni vitu vidogo, dada. Namaliza mara moja."

"Hivyo vidogo ndivyo vyao. Ole wako uviguse."

Lo, aliteseka! Kasoro ikitajwa, vidole vinamwasha, mpaka mdogo wangu akawa anamtuma dukani makusudi. Alimwandikia yule binti, akamwachia usomaji wa tarehe. Binti akaharibu. Shemeji akauma meno, akamwelekeza. Akaharibu tena, kisha ikakaa sawa. Baada ya hapo akaleta wenzake wawili, nao wakaleta wao, na kuitangaza wakaitangaza wenyewe.

Halafu shemeji akaugua, akalazwa, akapasuliwa tumbo. Wiki hiyohiyo kompyuta za shule zikabadilishiwa mfumo, na yangu ikawa bubu katikati ya somo. Nilisimama mbele ya darasa nimeshika meza, nikajisemea, haya, yamekwisha.

Kesho yake mchana, fundi wa shule akaweka toleo jipya la programu. Sauti ikarudi, safi kabisa. Nikafundisha kipindi cha mwisho, kisha nikaenda moja kwa moja hospitali, nimepandisha hasira.

"Una mshono tumboni na bado unafanya kazi? Huna adabu!"

"Kazi gani, dada? Mke wangu... mdogo wako huyu kanifichia simu na kompyuta tangu niingie hapa. Hata kwamba programu imeharibika sijasikia."

Kumbe ni yule binti na wenzake! Kisha nikamsikia analia, na mimi nikalia, sikuona haya hata kidogo.

Mdogo wangu akataka kumrudishia simu awashukuru vijana wale. Akakataa. "Washukuru wewe, dada. Wamekufanyia wewe."

Nilirudi nyumbani, nikawaandikia. Sijawahi kukutana na hata mmoja wao. Kabla sijatuma, kompyuta ikanisomea nilichoandika: asanteni wanangu, leo nimefundisha.