Faneli ya Shemeji

Mume wa dada yangu ni fundi wa mtandao, na kwa mwendo wake tulimbandika jina la Taratibu. Chungwa moja analimenya robo saa. Ukimuuliza jambo, anakunja kwanza kitambaa chake mara nne ndipo akujibu. Mimi mwenzake nina moto, singoji hata chai ipoe, na kwa miaka kumi na mbili nilimwambia dada, "Huyu mumeo akiambiwa nyumba inaungua, atauliza imeanzia chumba gani." Leo nafuta kauli, tena kwa furaha.

Kazi yangu ni kupokea simu za dharura. Tuko wanane chumbani, kila mtu na spika zake masikioni. Mtu anapiga, tunaandika alipo, gari la wagonjwa linatoka. Mwaka huu nikaanza kupoteza maneno. Jina la mtaa linakatika, namba ya nyumba inamezwa. Nikawa mtu wa "rudia, rudia" mpaka wapigaji wananitukana. Wenzangu nao yaliwapata, lakini nani ajipalie makaa? Kisha siku moja gari likaenda mtaa mwingine kabisa, na bibi mmoja aliyevunjika nyonga akalala sakafuni dakika arobaini.

Mkuu wetu akanichezea rekodi ya simu ile. Safi kabisa: mtaa, namba, mpaka rangi ya geti. Nikapewa barua kwamba Ijumaa saa nne nifike mbele ya kamati, nieleze kwa nini nisifukuzwe. Nikaenda kupimwa masikio. Mazima. Hilo liliniumiza kuliko barua, maana sasa mwenye kasoro ni mimi mwenyewe.

Jumatano Taratibu akaja nyumbani pamoja na dada. Yeye yuko makao makuu, jengo ambalo simu zote hupitia kabla ya kuletwa chumbani kwetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Shemeji, maneno yanapotea simu zikiwa nyingi, au zikiingia pamoja?"

"Si ni yale yale?"

"Siyo."

Nilitamani kumrushia kijiko. Akaingia jikoni, akachukua faneli ya kumiminia mafuta, akaishika juu ya sinki. Akamimina kikombe cha maji kidogo kidogo, yote yakapita. Akajaza kikombe kile kile, akakipindua kwa mkupuo. Maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Maji ni yale yale," akasema. "Sauti zinazokuja kwenu zimepewa njia ya mbele, hazipangi foleni na mafaili. Lakini mlangoni kuna kipimo. Mtandao ukijaa, sauti inayozidi kipimo haingojeshwi, inatupwa. Kila mkilalamika, sisi tunapanua shingo ya faneli, yaani kasi ya kupita. Bakuli hakuna aliyeligusa."

"Bakuli ndiyo nini?"

"Hapa juu penye upana: kiasi kinachoruhusiwa kuingia kwa mkupuo. Kiliwekwa mlipokuwa wapokeaji wawili. Fundi ukitazama wastani wa matumizi ya dakika tano, unaona njia iko nusu tupu, unaenda zako kula."

Nikamsogelea. "Na ile rekodi?"

Akakunja kitambaa, mara nne. "Inachukuliwa makao makuu. Kabla ya faneli."

Nilimkumbatia mume wa watu mpaka dada akakohoa.

Ijumaa saa nne, ofisi zote zikiwa zinatuma ripoti za asubuhi na mtandao umejaa, Taratibu aliomba kamati jambo moja tu: mkuu akae kwenye kiti changu. Simu nane za majaribio zikaingia pamoja. Mkuu akainamia karatasi, akaandika, akasita. "Rudia," akasema. Kisha tena, "Rudia." Nikauma midomo nisicheke. Taratibu akacheza rekodi ya simu ile ile, na kila neno lilikuwepo.

Akabadilisha namba moja kwenye kompyuta, ile ya ukubwa wa bakuli.

"Si uweke kubwa kabisa tumalize?" mkuu akauliza.

"Bakuli likiwa pipa, sauti zitaziba njia na ripoti zenu hazitafika."

Simu nane zikaingia tena. Mkuu aliandika mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Akavua spika, akanikabidhi, akasema, "Samahani, mama. Kaa kwenye kiti chako." Mwenda pole hajikwai, wazee walisema, na mimi nilikuwa nawacheka.

Jioni nikaenda wodini kwa yule bibi. Niliongea mbio mbio, faneli, bakuli, mkupuo, sijui hata alishika nini. Nikamalizia, "Bibi, naapa sikuwa nakusikia."

Akanishika mkono. "Najua, mwanangu. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri, unavyonibembeleza nirudie. Ndiyo maana sikukata simu."